Karatasi ya King'ora cha Shangazi

Jumatatu, 3 Novemba. Bwera

Karatasi ya fotokopi imenishinda tena. Nimepiga pasi, nimeloweka, nimesugua kwa kidole gumba mpaka ngozi imekunjamana, na bado imeng'ang'ania shaba kama ugali uliokaukia sufuriani. Nikivuta, inatoka na wino. Nikiacha, nyuzinyuzi zinabaki katikati ya njia na dawa haipiti. Kibao kingine cha shaba kimeenda na maji.

Kwa maneno kazi ni nyepesi. Unachora njia za umeme, unazichapa kwa mashine ya leza, unalaza karatasi kifudifudi juu ya kibao cha shaba, unapiga pasi. Wino unayeyuka, unahamia kwenye shaba. Karatasi inatolewa kwa maji. Kibao kinaingia kwenye dawa, dawa inakula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino. Basi. Lakini karatasi lazima ishike wino kwenye mashine, halafu iuachie chini ya pasi. Ishike, halafu iachie. Karatasi yenye akili hiyo sijaipata.

Umeme haupo tangu asubuhi. Pasi ni ya mkaa, upande mmoja unaunguza, upande mwingine baridi. Nimemfokea mzee wa watu aliyeleta redio yake kutengenezwa. Hakunikosea kitu.

Jumatano, 5 Novemba. Muhokya

Niko kwa Shangazi. Mahindi yamebeba, yamesimama vizuri kuliko msimu uliopita. Tembo nao wanajua. Nyayo zao zimejaa ng'ambo ya handaki la mbuga, lile la kuwazuia wasivuke, zimejaa maji ya mvua.

Shangazi bado analala dunguni, kile kichanja cha kulindia katikati ya shamba, na debe lake la kupiga na tochi. Ni hapo hapo chini ya dungu tembo alipomkanyaga mume wake, mwaka juzi. Amepanda tena, amejenga dungu tena, anapanda ngazi jioni na blanketi begani kama mtu anayekwenda kitandani.

Nilimtengenezea king'ora msimu uliopita. Waya mwembamba unazunguka shamba, tembo akiukata, honi ya gari inalia nyumbani. Nilikiunga kwenye kipande cha ubao, nyaya zimezagaa kama matumbo ya kuku. Kililia vizuri nilipokijaribu. Umande ukaingia, viungo vikaachia. Siku tembo walipokuja hakikutoa hata mlio. Tangu hapo anakiita Bubu.

Leo ameniambia wazi. Bubu akilia, yeye atalala nyumbani. Asipolia, nisimsumbue, atalinda mwenyewe.

Kwa hiyo ninataka bodi ya kweli. Njia za shaba zilizoshikamana na kibao, sanduku limefungwa, umande usione pa kupita. Nimemfungua Bubu nimemtia kwenye mfuko. Rilei yake, ile swichi ya sumaku, ndiyo pekee niliyonayo. Honi pia.

Nilipovuka mpaka hapo Mpondwe nikikimbia kutoka Butembo, Kongo, na nguo nilizovaa tu, ni yeye aliyenipokea. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Mpaka leo hajauliza.

Jumamosi, 8 Novemba. Kasese

Siku ya aibu. Mashine ya leza ninayoiamini iko hapa Kasese, kwa Biira, dada mwenye duka la kuchapisha. Wino wake mweusi, mzito, unayeyuka vizuri. Nilimletea karatasi ya kuchapia picha. Inang'aa, nzito, ya bei. Nikajiona mjanja.

Mashine ikaivuta, ikanguruma, ikanyamaza. Harufu ya plastiki. Karatasi ilikuwa ya mashine za wino wa maji, ngozi yake imeyeyukia kwenye rola ya moto mle ndani. Biira alipiga kelele mpaka wateja wa duka la jirani wakaja kuchungulia. "Wee Kambale! Unataka kuniulia mashine? Hii mashine ndiyo inalisha watoto yangu!" Nilikaa kwenye benchi kichwa chini wakati anaikwangua. Ana haki. Nikamsaidia kufuta, akanipokonya kitambaa.

Baadaye hasira zikampungua, akaniruhusu kujaribu nyingine, yeye mwenyewe akizikagua kwanza kama afande wa kizuizi cha barabarani. Kalenda ya ukutani, nene mno, naona moto wa pasi hautapenya. Karatasi ya nyuma ya stika, ile inayobaki ukishabandua. Huko wino ulitoka mzuri ajabu, nikafurahi, nikaugusa kidogo tu, ukabaki wote kwenye kidole. Ile haishiki kabisa. Mwisho kurasa za gazeti la mitindo. Alinipa mama Mkongomani anayeuza vitenge mbele ya kibanda changu. "Beba tu, iko mingi." Nitazipiga pasi nikifika Bwera.

Jumanne, 11 Novemba. Bwera

Kalenda nilijua. Moto haukupenya.

Gazeti limekaribia. Limekaribia sana, na ndiyo maana limenikera zaidi. Karatasi nyembamba, ililowa upesi, ikatoka bila ugomvi. Lakini rangi za picha zilihamia pamoja na wino wangu. Nimepata bodi yenye nusu ya uso wa msichana na midomo myekundu, na njia mbili zimekatika pale palipokuwa na nywele zake. Nilicheka peke yangu, kicheko cha hovyo.

Mchana mvua kubwa. Baluku, jirani wa Shangazi, alipiga simu kuniambia tembo wamekula migomba ya watu upande wa chini. Shangazi hajambo.

Mvua ilipoisha nikaona bango la mgombea limeanguka mbele ya kibanda, limelala matopeni kifudifudi. Kampeni zimejaa nchi nzima, kila ukuta una mtu anatabasamu. Mgongo wa bango mweupe, hauna rangi ya kuhamia. Ukang'aa. Nililiokota, nikalifuta kwa shati. Karatasi nyembamba, imepakwa ungaunga laini pande zote mbili kama ya gazeti la mitindo, haina plastiki. Nikaangalia nyuma kama mwizi.

Nimelianika juu ya kamba. Pembe moja imesalimika.

Jumatatu, 17 Novemba. Kasese

Nimetoka leo. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kulia.

Ijumaa nilikwenda kwa Biira na ile pembe ya bango. Tulichapa mistari michache kwenye mgongo wake. Haikukwama, haikuyeyuka. Nikapiga pasi hapo hapo dukani kwake, nikaitia kwenye beseni. Nilidhani nitasugua. Sikusugua. Karatasi ilijiinua yenyewe, ikaelea. Mistari yote imebaki kwenye shaba, myeusi, mizima. Hata Biira alisema "Eh!"

Nikatoka nje nikitafuta bango safi, kavu. Kwenye ukuta wa duka lililofungwa palikuwa na moja limeshikwa na gundi pembeni tu, upepo unalipigapiga. Mchana kweupe. Nililibandua taratibu, kwa adabu, nisilikunje. Haikunijia akilini kabisa kwenda kuomba kwa wenyewe. Mkimbizi anajifunza kutoomba.

Mkono begani. Kisha mikono mingi, ya vijana wa mgombea. Msaliti, anachana mabango ya mkubwa wetu. Nikafungua kinywa, Kiswahili cha Butembo kikatoka, ikawa mbaya zaidi. Mkongomani! Anatafuta nini kwenye kura zetu?

Kituoni polisi wakamwaga mfuko wangu. Nyaya. Rilei. Honi. Betri. Kipande cha shaba. Afande akauangalia ule mzigo, akasogea nyuma. "Kaa chini! Toa viatu! Toa mukanda! Nani alikutuma?" Nikasema ni king'ora cha tembo. Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakachukua simu yangu, wakaizima.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Sakafu ya saruji. Hawakunipiga, niseme ukweli. Walinisahau tu.

Leo asubuhi alikuja wakala wa yule mgombea, mwanamume mnene, mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mashine, pasi, wino, tembo. Alicheka mpaka machozi. "Sasa, ndugu yangu, si ungeomba tu? Ofisini iko maboksi na maboksi." Akamtuma mtu, akaletewa furushi zima, mapya, yamekunjwa vizuri. Akaniwekea kwapani. Afande akanirudishia mkanda.

Ningeomba tu.

Nikawasha simu nje ya lango. Baluku, Baluku, Baluku. Nikapiga. "Tembo ilikuja Jumamosi. Shangazi yako iko hospitali."

Jumanne, 18 Novemba. Kasese, hospitali

Waliingia upande wa handaki lililobomoka kwa mvua. Alipiga debe. Hawakujali. Mmoja akaja moja kwa moja kwenye dungu, akaanza kulisukuma kwa kichwa. Shangazi aliruka, akakimbia gizani, akatumbukia kwenye handaki. Nyonga imevunjika. Alilala mle ndani, kwenye maji, mpaka Baluku alipomsikia asubuhi akiita.

Na usiku huo Bubu alikuwa kituoni, juu ya meza ya afande.

Hata angekuwepo shambani asingelia. Najiambia hivyo tangu jana. Ni kweli. Hainisaidii kitu.

Amelala chali, mdogo, sikujua ni mdogo hivyo. Kifua kinakoroma, daktari anasema baridi imeingia mapafuni. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Baluku alishamwambia. Aliniuliza jambo moja tu, nimepata karatasi?

Nikamwambia nimepata.

"Basi nitalala nyumbani," akasema, akafumba macho.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji. Nimelia kama mtoto mdogo. Shauri yao walioniona.

Jumamosi, 22 Novemba. Bwera

Nimemwacha na binti wa Baluku, nikaja kufanya kazi. Nikikaa pale kitandani nitapata wazimu.

Bodi imetoka. Jana Biira alichapa kwenye mgongo wa bango moja, bila kunifokea. Leo nilisugua shaba kwa stiliwaya, ile ya kusugulia sufuria, mpaka ikawa ya rangi ya waridi, sikuigusa kwa vidole. Mkaa niliuchagua mwenyewe, pasi nikaijaribu kwa tone la maji. Nikabonyeza polepole, kutoka katikati kwenda nje. Kisha beseni.

Karatasi ikaelea. Mgombea akageuka, akabaki anatabasamu kutoka ndani ya maji. Njia zote zimekamilika, hakuna iliyokatika, hakuna iliyogusana. Dawa ikala kilichopaswa kuliwa. Nikatoboa matundu, nikalehemu vifaa, rilei ya Bubu mahali pake. Nimeziba sanduku kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Nikakata waya kwa mkasi. Honi ikalia, Mungu wangu! Mbwa wote wa Bwera wakaitikia. Mama wa vitenge akatoka nje anashika kichwa, "Kambale, uko mupumbavu kweli?" Nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu.

Nusu ya mahindi bado imesimama, Baluku anasema. Jumatatu ninapeleka. Kwanza nitapita hospitali, nimsikilizishe mlio wa Bubu niliourekodi kwenye simu.

Jumatatu, 24 Novemba

Shangazi amekufa. Alfajiri. Nilikuwa njiani, nimefika Kikorongo, sanduku liko mapajani.



Jumanne, 25 Novemba. Kasese

Tunamzika kesho Muhokya, kando ya mume wake. Watu wa kanisa wameshafika, moto umewashwa mafigani, ndizi zinamenywa. Nimemkabidhi Baluku sanduku. Tulizungusha waya pamoja jana jioni. Ameahidi kulala nyumbani kwake, asipande dunguni. Nikamwambia lile dungu alivunje, afanyie kuni za msiba. Amelivunja.

Mchana nilitumwa kwa Biira na picha ya Shangazi na karatasi ya utaratibu wa ibada, wachapishe za kugawia watu. Picha ni ile aliyopiga kwa kitambulisho, amekaza uso kama anayegombana na mpiga picha.

Biira alikuwa ameshasikia. Alitoka nyuma ya mashine akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, yeye ambaye sauti ya chini haijui, tuchapie kwenye ipi, ya kung'aa ya leza ama ya kawaida ya fotokopi. Watu wengi wanapenda ya kung'aa, picha inatoka vizuri. Akaniwekea zote mbili kaunta.

Nikaishika ile ya kung'aa, nikaigeuza. Imepakwa ungaunga uleule wa bango, naijua sasa. Inashika kila kitu vizuri sana, halafu ikipata moto na maji kidogo, inaachia.

Nikamwambia ya kawaida.