Uyoga Alioutia Shangazi Ghalia

Hounslow, London
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mpendwa kaka yangu Mbarouk,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, hajambo Malak, na Mahir meno yameshatoka? Joto la Maskati limepungua? Huku baridi imeanza kutuuma masikio. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila roho haijatulia tangu Jumapili.

Mama yako anakusalimu sana. Ndiye aliyeniamrisha nikae niandike, maana kwake yeye simu haina heshima ya barua. Anasema nikwambie alishikwa na tumbo kidogo tu, sasa hajambo, na usijisumbue kuja. Niko ubavuni kwa kitanda chake hospitali, ananitazama ninavyoandika. Miwani yake imebaki nyumbani, kwa hiyo naweza kukueleza yaliyotokea hasa. Nikimaliza nitaipiga picha nikutumie wewe peke yako. Kwenye kundi la ukoo usitie hata neno.

Jumamosi tulikwenda msituni. Kituo cha wazee hapa mtaani kiliandaa matembezi ya kuchuma uyoga, na miezi hii majani yanapoanguka ndio msimu wake. Mama yako alijiandikisha wa kwanza. Unamjua: treni nzima alikuwa akitamba kwamba uyoga anaujua tangu Pemba, Mzungu atamfunza nini? Kumbe aliyetuongoza ni Bi Alka, Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu. Wakapendana papo hapo.

Bi Alka alitufunza vizuri, simlaumu hata kidogo. Kila uyoga tuuchimbue mzima kwa kisu mpaka chini ya shina, kwa sababu upo mmoja unaoua, na alama yake imejificha huko: kijifuko cheupe kilichofukiwa na majani. Na tusitie kitu kikapuni kabla hajakiona. Msitu wenyewe ulikuwa kimya, maji yanadondoka kutoka matawini, na harufu ya kuoza kila unapokanyaga. Sikuupenda, nilitaka turudi mapema.

Mama yako akawa anabaki nyuma. Nikamkuta chini ya mti mkubwa ameinama, anakata vichwa vya uyoga kwa kucha kama anavyochuma mchicha, mashina yanabaki ardhini. Vilikuwa vyeupe, na ukijani kwa mbali. Akavifunga kwenye ncha ya mtandio. Nilipomwuliza kama Bi Alka ameviona, akanijibu, "Huu ndio wetu wa kwetu. Nyamaza."

Mwisho wa matembezi Bi Alka aliwasha jiko dogo la gesi, akaukaanga ule uyoga aliouchagua mwenyewe, kila mtu aonje kijiko kimoja juu ya mkate. Mimi nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani sasa mchana ni mfupi. Sasa mama yako, kula chungu cha mtu na yeye hakutia kitu, hawezi. Aibu inamla. Bi Alka alipogeuka kukata mkate, alifungua mtandio, akavimega vile vichwa, akavitia kikaangoni na kukoroga. Kisha akanikonyeza.

Niliona, Mbarouk. Wallahi niliona kwa macho yangu mawili, nikajikausha. Nilijiambia, nitamwumbuaje shangazi yangu mbele ya wageni? Nikajipa moyo kwamba pengine anaujua kweli. Halafu nikafanya kubwa zaidi: fungu langu, kwa kuwa nimefunga, nikampa yeye. "Kula na langu, shangazi." Akala, akausifu.

Jumapili alfajiri akaanza kutapika na kuharisha. Hospitali hataki, eti ni baridi ya msituni. Saa tatu asubuhi Bi Alka akanipigia, sauti imemkauka. Yeye na wenzetu watatu wamelazwa, na anaapa uyoga wake ulikuwa salama. Je, kuna mtu aliyetia kitu? Mama yako akanishika mkono, "Usinivunjie heshima, Mwanabaraka." Nikasema sijui. Mpaka saa saba mchana mimi najua na nimefunga mdomo! Aliposhindwa kusimama ndipo nikaita gari la wagonjwa, nikasema yote kwa madaktari na kwa Bi Alka.

Jana kutapika kulikoma. Leo ameamka anacheka, ameomba chai ya tangawizi, ananisuta kwamba nilimtia aibu bure. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kisha daktari akaja kumweleza, mimi mkalimani. Anasema uyoga huu ndiyo desturi yake: unamwacha mtu siku moja mbili ajione amepona, na huku unalitafuna ini. Damu yake ya leo ni mbaya kuliko ya jana. Wale wenzake walikula kijiko kimoja kimoja, wana nafuu ya kweli. Kesho wanamhamishia hospitali ya maini, na wametaka watoto wake waitwe. Mama yako akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema upumzike."

Basi njoo. Panda ndege ya kesho, usingoje Ijumaa. Uje umwambie wewe, kwa sababu mimi ulimi umenishinda mara tatu sasa. Najua utanikasirikia, na haki ni yako. Njoo kwanza, kisha unigombeze utakavyo.

Nisalimie Malak, umbusu Mahir, na Mjomba Hafidh mwombe dua lakini usimweleze sababu. Mungu akufungulie njia, akufikishe umkute bado anakutambua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea haya,
Mwanabaraka

Anataka kalamu, na yeye atie mkono wake. Sikuweza kumnyima.

*Mbarouk mwanangu, yote aliyoandika dada yako ndiyo niliyomtuma. Nimeshapona. Ramadhani tutafunga pamoja inshallah. Mama.*