Mkono wa Baba Kwenye Gia

Nyumbani,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sisi wawili tuliobaki katika nyumba hii iliyozidi vyumba. Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu, bado wanarefuka kwa kasi ile ya kwenye picha? Mimi ni mzima. Mvua ilinyesha alfajiri, sasa jua linaingia kwa upande, nami nimekaa nalitazama badala ya kufua. Unanijua.

Mama naye hajambo, ila goti. Kwenye simu nilikuficha, nisamehe. Tangu mwezi wa nne alikuwa ameacha kwenda hospitali kwa mazoezi ya viungo, na goti likakaza mpaka akawa anashuka zile ngazi mbili za baraza kwa kukaa kitako. Chanzo ni gari la Baba. Mara mbili lilikataa kuwaka yeye akiwa ameshakaa, mkoba mapajani. Mara ya pili alishuka taratibu, akavua viatu vya kutokea, akasema hataki kuwa mzigo kwa mtu wala kwa gari. Nilibembeleza mpaka nikachoka.

Ndiyo maana barua yako, uliposema tuwaite wanunuzi wa vyuma chakavu walichukue, nimechelewa kuijibu. Ulikuwa na haki. Lakini Kaka, kiti cha dereva bado kimebonyea pale Baba alipokuwa akiegemea.

Gari lingekuwa na ugonjwa wa kila siku ningeuelewa. Leo unagusa tu ufunguo, linawaka. Kesho taa zote za dashibodi zinawaka, redio inaimba, lakini stata kimya, hata tik husikii. Muuza betri alisema ni betri, nikanunua mpya. Fundi mmoja alishusha stata, akaisafisha, akaniapia kuwa yamekwisha. Liliwaka siku tatu, ya nne likanipa kisogo.

Nikaanza kuandika kwenye daftari: tarehe, mvua au jua, asubuhi au alasiri, limelala kivulini au la. Usinicheke. Kuna asubuhi nilikaa tu ndani ya gari, vioo vimeshika ukungu wa pumzi zangu, nikasahau nilichofuata humo. Nilikuwa nimerudi kwenye safari zetu za zamani, wewe dirisha lako, mimi langu, usingizi umetuchukua kabla hatujafika barabara ya lami. Nilipozinduka, chai imepoa na ukurasa wa siku hiyo hauna kitu.

Alhamisi akaja fundi wa umeme wa magari wanayemwita Polepole, na hawakumsingizia. Hakufungua boneti. Alisoma daftari langu lote amesimama, ukurasa kwa ukurasa.

"Dada, mawingu yote umeyaandika," akasema. "Mkono wako hujauandika."

Sikumwelewa. Akauliza marehemu alikuwa analiwashaje. Nikamjibu kwa ufunguo, kama watu wote. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akijifanya hasikilizi, akadakia.

"Alikuwa anashika gia kwanza. Anaisukuma mbele hivi, ndipo anasema, haya bibi, twende."

Unakumbuka? Kila safari, mkono wa kushoto juu ya gia, "Haya bibi, twende." Ulikuwa ukimwigiza mezani mpaka Mama anapaliwa. Sote tulidhani ni mahaba yake na lile gari, na tangu afariki hakuna aliyethubutu kuigusa gia namna ile.

Polepole akaingia, akaisukuma gia mbele kidogo, akageuza ufunguo. Likawaka. Akalizima, akageuza ufunguo bila kusukuma: kimya. Akasukuma tena, likawaka. Alirudia mara sita, na ya sita nilimkuta Mama amesimama bila kushika ukuta. Chini ya gia, fundi alinieleza, kuna swichi ndogo ambayo lazima ihakikishe gia iko kwenye P, yaani ya kuegesha, ndipo iruhusu umeme ufike kwenye stata. Imelika. Kuna siku gia inakaa sawasawa yenyewe, kuna siku haifiki. Baba aliujua ugonjwa huo miaka yote, Kaka, akautibu kwa mzaha bila kumwambia mtu. Nililia pale pale mbele ya fundi.

Polepole alikuwa na swichi mpya kwenye kisanduku chake, ameshaanza kukunja mikono ya shati. Hapo Mama akaniuliza, "Na wewe utaweza, kusukuma na kugeuza kwa pamoja?" Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa bado mbele, unasukuma hewa. Nikasema siwezi, itabidi mtu akae kiti cha pembeni anisukumie.

"Tangu utoto wako mambo mawili yanakushinda," akasema, akaingia ndani kutafuta viatu.

Ijumaa tulikwenda kwenye mazoezi. Alifunga mkanda, akasukuma gia, akaniamuru nigeuze. Njia nzima alikuwa anatazama miti ikipita na anatabasamu peke yake. Jumanne tunakwenda tena, na ameshawatangazia majirani kuwa gari haliondoki bila yeye. Basi watu wa vyuma chakavu waache wapite.

Msalimie sana wifi. Wanangu wabusu wote, na yule mdogo wa maswali mwambie shangazi anamtunzia kiti cha nyuma, upande wa dirisha lako. Mungu awafunike huko mliko, na awape njia nyepesi ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sasa na siku zote,
Kitindamimba.

Nilitaka kusahau. Swichi mpya nilimlipa Polepole akaniachia. Iko kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza, inangoja goti lipone. Mama akijisifu kwenye simu, msifu. La swichi usimwambie.