Marehemu Muuza Sambusa

Dada Mwajuma,
Joto la mtaa huu wa Bwiza limenichosha, na macho yangu yamechoka zaidi kwa kutazama picha. Wapiga picha wa hapa tunaweka picha zetu pamoja mtandaoni, ili waliokimbia vita waandike majina ya sura wanazozitambua. Leo chini ya picha moja mtu ameandika: "Marehemu." Muuza sambusa wa mlangoni kwangu akachungulia, kumbe aliye pichani ndiye yeye! Nikataka kusahihisha, akanishika mkono.

"Apana, iache. Mutu mwenye alikufa, hakuna mwenye anamutafuta. Mi nimechoka kukimbia."

Nikaiacha. 

Mpe mama shikamoo yangu. Ukisikia nimekufa, usilie upesi. Ila akikuuliza habari zangu mtu usiyemjua, dada yangu, lia.

Mdogo wako,
Rajabu