Fyuzi ya Barasa

Mjukuu wangu Wekesa,

Hujambo huko Mombasa? Sisi hapa Ruiru ni wazima, na mimi nina furaha kuwapita wote. Tangu tufunge ndoa mwezi jana, mzee Barasa hunishika mkono mpaka dukani, na majirani wanatucheka. Wacha wacheke!

Umeniuliza kama ile fyuzi ya bei ghali itafanya redio yako iimbe vizuri zaidi. Nikiwa msichana kule Thika, niliishi na dada yangu. Siku moja Barasa huyuhuyu alikuja na fyuzi inayong'aa, akasema italeta sauti tamu. Akaifungua redio yetu, akainama kidogo, akaifunga, akaiwasha.

"Uuui, sikia hilo gitaa!" nikasema. "Ni kama linapigwa hapa ndani!"

Dada aliacha kumenya viazi, akacheka mpaka machozi. "Wewe Nekesa! Si fyuzi mpya iko hapo mkononi mwake? Imekataa kuingia, amerudisha ile ya zamani!"

Barasa aliona haya. Mimi nilitamani kujificha chini ya meza, lakini gitaa lilizidi tu kuwa tamu. Baadaye maisha yalitupeleka kila mmoja kwake, na sasa yameturudisha.

Usiinunue hiyo fyuzi, mpenzi. Kazi ya fyuzi ni kuungua ili redio isiungue. Weka tu ya kipimo kilichoandikwa nyuma ya redio. Ukitaka muziki mtamu, mkaribishe chai yule msichana jirani unayemtaja kila ukipiga simu, kisha uiwashe redio hivyo ilivyo.

Nyanya yako akupendaye,
Nekesa, bibi harusi