Silabi Aliyoiruka Shemeji Tabita

Kijiji cha Ujamaa, Isansa,
S.L.P. Mbozi.
2 Septemba, 1975.

Mpendwa kaka Yonathani,

Mulishani, bwana mkubwa wa Kitwe! Nakusalimu kwa lugha ya huko ili ujue na sisi wa huku si washamba kiasi hicho. U hali gani? Kifua chako na vumbi la mgodini vinapatana? Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini jembe bado analishika kuliko mimi, na hilo hachoki kunikumbusha. Mama mzima. Mwanao Marita ameota meno ya mbele na anang'ata kila anayembeba. Kahawa imezaa, vichanja vimejaa.

Salamu zimekwisha. Sasa nikwambie, kaka, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ukiona matundu, usidhani ni panya wa posta.

Unajua mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Usicheke. Ndiyo, niliishia la sita, lakini waulize wanafunzi wangu kama kuna mwalimu mwingine Mbozi nzima anayefundisha herufi za kuoana kama mimi. Nawaambia S ni kijana, H ni msichana. Kila mmoja akiwa kwao ana sauti yake. Wakioana wanahamia nyumba moja na sauti inakuwa nyingine: sh, kama kahawa mbivu inavyoporomoka ndani ya maji. C na H ni mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. N na Y ni paka anayeomba nyama. Hata bibi Ruti, ambaye zamani alikuwa anashika daftari juu chini, sasa anasoma maneno ya kwenye gunia la mbolea na kumsahihisha bwana shamba.

Na katika wote hao, wa kwanza ni mkeo. Sisemi kwa sababu ni shemeji yangu. Kijiji kimemchagua Tabita aende kusomea uhudumu wa zahanati yetu mpya, agawe dawa, asome vibandiko vya chupa. Sharti ni moja: afuzu mtihani wa kisomo. Majina yanapelekwa Vwawa mwisho wa mwezi huu.

Basi akaja mkaguzi kutoka Vwawa, Ndugu Ramadhan, suruali imenyooka, vidole vina wino, kadi zake kwenye mkoba. Anamwita mtu mmoja mmoja mbele ya wenzake, anamwonyesha kadi, mtu anatamka. Shemeji akaenda mbele. Cha che chi cho chu, kama maji. Nya nye nyi nyo nyu, safi. Ikaja kadi ya sh. Akasoma: "Sha, she, shi," akapiga kofi moja, pa! halafu, "shu."

Wewe mtoto wa Mzee Shombe, huna haja ya kuelezwa. Mkwe halitaji jina la baba mkwe, wala neno linaloanza kama jina hilo. Darasani kwangu tumezoea: tukifika pale yeye anapiga kofi, wenzake wanatamka, tunaendelea. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

"Makofi ya nini, mama?" akauliza mkaguzi.

Shemeji akainamisha macho. Bibi Ruti akashindwa kujizuia: "Baba mkwe wake amekaa hapo!"

Mkaguzi akageuka kutazama nyuma yake. "Wapi?"

"Kwenye kadi!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Nami nilicheka, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu yule hakupenda kuchekwa. Akatoa sentensi. Iliandikwa: Asha alichukua shoka. Shemeji akaitazama, akasoma bila kigugumizi: "Asha alichukua ile ya kupasulia kuni."

Kaka, nilitaka kumbeba juu juu! Lakini Ndugu Ramadhan akachora alama ya kosa, akasema, "Huyu hajui sh. Anabahatisha."

Nikasimama. Nikamwambia, "Ndugu mkaguzi, asiyejua kusoma angejuaje ni chombo cha kuni? Kwa nini hakusema jembe? Angejuaje pa kupiga kofi?"

"Kijana, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita. Na hayo yote nimeyaona kwa la sita langu."

Akaniambia kadi inapima sauti, na sauti hakuisikia. Nikamwomba ampe chaki aandike. Akakataa. Akasema mila zisirudishe nyuma maendeleo. Maendeleo gani? Mama anayeweza kusoma kibandiko cha dawa anabaki nyumbani kwa sababu ana adabu! Nafasi sasa anasogezewa Nesta, mke wa mpwa wa mwenyekiti, ambaye akisoma sentensi moja unaweza kwenda kisimani na kurudi umkute bado yuko palepale.

Baba alipopata habari alikasirika kuliko mimi. Akamtuma Mama: "Mwambie mkwe wangu alitaje tu. Sitakufa." Shemeji akajibu kupitia Mama vilevile: "Namshukuru baba. Lakini mdomo huu umemheshimu tangu nilipoolewa, sitaivunja heshima hiyo kwa ajili ya mtu wa mkoba." Baba akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Na wewe pia nina hasira nawe, usidhani umepona. Barua yako ya Pasaka, ile iliyosema mwanamke aache chaki ashike jembe, ilimfikia Tabita, na siku hizi yeye hasomewi na mtu. Aliisoma mwenyewe, mpaka mstari ule. Akaikunja vizuri, akaenda shambani, na jioni akaja darasani kama kawaida. Mimi nasema badala yake: uone aibu.

Sasa sikiliza. Kesho nakwenda Vwawa na barua hii kabla ya kuiposti. Tazama bahasha. Mwandiko wa juu si wangu. Mimi S yangu hulala chali, unaijua. Ameandika Tabita, mbele ya Mama na bibi Ruti: Yonathani Shombe, jina lako na la baba, herufi zimesimama kama askari, na mdomo wake ameufumba kabisa. Nitaiweka mezani kwa Ndugu Ramadhan, nisitoke mpaka aisome. Akinifukuza, nitakaa barazani, mimi sina haraka, kahawa haikauki kwa siku moja.

Baba na Mama wanakusalimu. Bibi Ruti anasema uwe mtu. Marita angekung'ata kama ungekuwa karibu. Wasalimie Nathanaeli na wote wa nyumbani hapo mnapokaa. Mungu akulinde huko chini ya ardhi, akupandishe juu kila jioni.

Ukiona bahasha ina alama za vidole vya wino, si zangu wala za mkeo. Ujue mkaguzi aliishika.

Mdogo wako akupendaye hata akikasirika,
Mwalimu Andongwisye