Chupa Zilizofungwa Mapema

Dada yangu,

Huku kwenye meli ya utafiti hatujambo, ila leo nimeharibu kazi. Chupa za kuchotea maji ya kilindini huwa tunazishusha zikiwa wazi hadi mita elfu nne, ndipo ninabonyeza kitufe zijifunge. Leo nilibonyeza kwenye mita mia, akili yote ikiwa kwenye barua yako. Zikashuka na kupanda na maji ya juu tu, saa nne zikapotea bure.

Mkuu wetu, mwanamke mkali kama pilipili, akaniuliza tu, "Nyumbani kuna nini?"

"Mama amesahau jina langu."

Akasema, "Basi tushushe tena."

Lakini umeandika kwamba kila jioni Mama anauliza kama yule wa baharini amekula. Mwambie amekula, ameshiba. Naenda jikoni sasa hivi, nisije nikamdanganya.

Mdogo wako,
yule wa baharini