Vitufe Visivyosema Jina

Lemi, uliyekuwa mchumba wangu,

Ni mimi, Ayikoru. Naanza hivyo kwa sababu hivyo ndivyo ulivyokuwa ukianza wewe. Namba yako haipokelewi, na sijui kama uko Koboko mjini, au umevuka mpaka, au umerudi kulima na mama yako kule Midia. Basi barua hii naiacha wazi, na ikikufikia utaamua mwenyewe la kufanya. Nina jambo la kompyuta la kukuuliza. Au labda si la kompyuta, sijui. Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemweleza bila kuanzia mbali.

Unakumbuka siku niliyokuja kwenye kibanda chako hapo karibu na soko la Arua, kompyuta yangu imekuwa bubu? Mafundi wengine walikuwa wameniuliza kipofu anataka kompyuta ya nini. Wewe ulisema, "Mimi Lemi, ya Midia. Mimi iko mbele yako, meza iko katikati, usigonge goti." Nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuligonga. Ukairudishia sauti ile inayonisomea kila kilicho kwenye skrini, na tangu siku hiyo hukuwahi kunikaribia bila kutaja jina lako. Watu hupenda kunishika mkono wakasema, "Otea mimi ni nani," halafu wanasubiri, wanafurahi. Mimi hutabasamu kwa adabu na kuota kuwapiga kwa fimbo. Wewe mchezo huo uliuchukia kuliko mimi.

Hata uliponipeleka Midia, chumba kizima kiliponyamaza kunitazama, ulizunguka ukiwataja mmoja mmoja. "Huyu mama. Huyu mjomba. Huyu hapa mlangoni ni kuku, lakini yeye pia iko na masikio." Mama yako akacheka, akaniletea mihogo, na mimi nikapumua.

Basi sikiliza yaliyonipata. Bado niko redioni, bado ninaandaa matangazo ya mchana: misiba ya Ajia, mbuzi waliopotea Inde, harusi za Koboko. Bado nakata kikohozi na kimya kirefu ili mtu asikike vizuri. Kazi hiyo uliifanya iwezekane wewe. Programu ya kukatia sauti ilikuwa na vitufe visivyo na majina, na ile sauti ya kompyuta ilisema tu "batani, batani, batani." Ukakaa karibu nami ukavipa majina kimoja kimoja, kwa Kiswahili, na kwa kuwa sauti ile ni ya Kiingereza na Kiswahili ilikuwa inakitafuna, ukaiandikia maneno yaliyopinda ili iyatamke sawa. Neno "usiguse" uliliandika "oosigoosay". Ulisema, "Hii mzungu hajui luga yetu, lakini tutamudanganya." Mwenye macho angeyaona maandishi yale angedhani ni uganga. Mimi nilisikia kazi yangu. Kitufe cha kurekodi kilisema, "Sema sasa." Cha kusimamisha kilisema, "Ngoja, pumua." Cha kufuta kilisema, "Hapa usiguse, mke wangu."

Ulipoondoka, vitufe vilibaki. Kila siku ya kazi uliniita mke wako kwa sauti ya mzungu, na mimi nilijiambia ni kazi tu.

Wiki iliyopita programu hiyo ikaletewa toleo jipya. Tulikuwa tumelisubiri. Waliolitengeneza waliandika kwamba safari hii ni rahisi kwa kila mtu, na mimi nikaliamini neno "kila" kama mtoto anayeahidiwa nguo mpya. Nilidhani nitafungua na kukuta vitufe vimepewa majina na wenye programu. Nikaliweka. Nikabonyeza. "Batani. Batani. Batani." Majina yako yote yamefutika, na yao hayapo. Toleo la zamani halifunguki tena.

Nikajaribu kubahatisha, na kitufe nilichokigusa kikafuta tangazo la mzee mmoja wa Ajia aliyekuwa amekuja kutangaza mazishi ya dada yake. Alikuwa amekwisha kwenda na baiskeli yake. Tukampigia, akageuza, akaja kulisema upya. Mara ya kwanza alikuwa amelia katikati, na nilikuwa nimeamua kutokikata kilio kile. Mara ya pili alisema majina ya wafiwa na mahali pa kaburi, basi, akauliza kama sasa imeingia. Nikasema imeingia. Lemi, niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na sijui ilikuwa aibu yangu au ya nani.

Madamu Onzia, meneja wetu, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema, "Mwezi hii ikiisha na bado hii kitu inakusumbua, nitakuweka mapokezi, upokee simu. Hii si adhabu, mwanangu." Alisema kwa upole kabisa. Sasa niambie wewe, huo ni wema au ni nini? Kupokea simu si kazi mbaya, lakini si kazi yangu. Halafu akaongeza kwamba nishukuru hata kompyuta inasema, maana zamani hazikusema. Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo. Kweli zamani hazikusema. Nishukuru basi? Na kama ninashukuru, mbona nimekasirika?

Wewe ulikuwa na jibu lako. Nilipokuambia tusiwasumbue wenye programu, maana tumeshajipangia mambo yetu, ulisema, "Hawa watu hawajui kama wewe iko. Ukinyamaza, watajua aje?" Nilikuona mkorofi. Kwani ningewaandikia nini nikiwa na wewe? Sikutarajia chochote kutoka kwao kwa sababu kila kitu nilikitarajia kutoka kwako.

Safari hii nikaanza kuwaandikia. Wana ukurasa wa malalamiko, na huo, ajabu, unasomeka vizuri kabisa. Una maswali mawili. La kwanza ni nini kilitokea, nikalijibu bila shida. La pili ni ulitarajia nini kitokee. Hapo nimekwama tangu juzi. Naandika kwamba nilitarajia programu iwe rahisi, nafuta. Naandika kwamba nilitarajia mnikumbuke, nafuta, maana watanikumbuka vipi na hatujawahi kukutana? Jana nikajikuta nimeandika kwamba nilitarajia kusikia "Hapa usiguse, mke wangu." Nikaondoa mikono kwenye kompyuta nikakaa nayo mapajani. Sijui ninaililia kazi au ninakulilia wewe. Nimejaribu kuvitenganisha na vimekataa.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Ulipokwisha kusema unakwenda Koboko siku chache, na siku hizo zikapita bila wewe kurudi, mchana mmoja nilikuwa nimekaa ndani nikasikia ndala zinakuja hadi mlangoni kwangu. Zikasimama. Nikasikia harufu ya waya wa kulehemu, au nilitaka kuisikia. Nikauliza, "Nani?" Nikauliza tena. Zile ndala zikageuka, zikaenda polepole. Ningeweza kumwuliza jirani nani alikuwa hapo, na sikumwuliza. Nikiambiwa ni wewe, nitaelewaje kwamba wewe, kati ya watu wote, ulisimama mbele yangu ukaniachia niotee? Nikiambiwa ni mtu mwingine, basi hata kuaga hukuja. Hadi leo sijui ni lipi ninaliombea.

Leo nimelijibu lile swali. Jibu limekuja nikiwa naandika hapa, nikikukumbuka ukimtaja yule kuku. Nimewaandikia hivi: "Nilitarajia jina. Sihitaji programu rahisi wala ya kunihurumia. Kila kitufe kiseme kinaitwa nani kabla sijakigusa. Nafanya kazi redioni, na mimi niko." Nikatuma. Sijui kama yupo atakayesoma, na mwezi unakwenda. Madamu Onzia ameuliza mara moja tu, na nimemwambia bado ninapambana.

Na wewe, kama zile ndala zilikuwa zako, jibu langu ni lile lile. Sikutarajia ubaki. Nilitarajia useme, "Mimi Lemi," halafu uende.

Kaa salama popote ulipo, na ukipita Arua, sema jina kwanza.

Mimi iko,
Ayikoru, aliyekuwa mchumba wako